Mama Kioo na Wingu la Mezani

Kazini walimwita Mama Kioo, maana alifuta vioo vya jengo la ofisi na hakuna alama ya kidole iliyomponyoka. Hata nyumbani kitambaa hakikumtoka begani.

Mchana ule mawingu yalipoanza kujikusanya, roho haikutulia. Hakuihofia mvua; alimhofia binti yake. Msimu uliopita upepo uliezua paa lao, saa chache tu baada ya yeye kumwambia mtoto, ili anyamaze, "Lala, leo hainyeshi." Tangu hapo ngurumo ikilia mtoto huingia uvunguni, na neno la mama halimtoi. Ndivyo ulivyo uongo wa kubembeleza: humlaza mtoto mara moja, ukamkesheza mzazi msimu mzima.

Sasa alikuwa ameahidi tena. Mvua ni mvuke uliopoa, alisema, na atamwonyesha kwa macho yake. Ikishindikana, nani atamwamini?

Alimimina maji ya moto kwenye chupa ya mdomo mpana. Jirani yake, fundi cherehani, akaleta sahani ya barafu.

"Shoga, umeacha vioo umeingia uganga wa mvua?"

"Weka hapo, acha maneno."

"Ukininyeshea nguo zangu kwenye kamba, utazifua mwenyewe!"

Sahani ikafunika chupa. Kioo kikaingia ukungu. Ili mtoto aone vizuri, mama akainua sahani, akafuta ndani ya chupa, akafuta na chini ya sahani. Ukungu ukarudi, akafuta tena. Maji yakapoa, na tone halikuanguka.

Nje kukaingia giza. Ngurumo ikaguna kwa mbali. Mtoto akaanza kurudi nyuma kuelekea kitandani.

"Mama, umenidanganya tena."

Hilo "tena" lilimchoma. Jirani akamkonyeza, akaonyesha kwa vidole: nyunyiza kidogo, atajuaje? Mama Kioo akatikisa kichwa.

"Sijui nimekosea wapi, mwanangu. Njoo tutazame wote."

Akamimina maji mengine ya moto, akairudisha sahani ya barafu juu. Mtoto akasogea, pua karibu na kioo. Ukungu ulipotanda, kitambaa kikanyanyuka chenyewe, na mtoto akaudaka mkono wa mama.

"Usifute! Si ndilo wingu hilo?"

Jirani akaangua kicheko. "Makubwa! Kumbe muda wote unafuta mbingu!"

Wakangoja bila kugusa. Chini ya sahani vikavimba vijitone. Kimoja kikadondoka, kikafuata cha pili.

Halafu bati likalia juu yao: ta, ta, ta. Mtoto akashtuka, akamkazia mama macho.

"Paa litang'oka?"

Jibu jepesi lilimfika mdomoni. Akalimeza.

"Tumepigilia misumari mipya. Kuapa siwezi. Ila sitoki hapa ulipo."

Mtoto akautazama uvungu, akaitazama chupa. Akakamata ncha ya kitambaa cha mama, akakisokota kwa nguvu, akabaki amesimama.