Kengele ya Chome

Nyumbani kwa Jumwa, kule Mkongani, Krismasi haikuanzia kanisani wala jikoni. Ilianza siku Biasha, jirani yake, alipomletea tawi la mvinje kutoka kwa ndugu zake wa Waa. Biasha ni Mwislamu asiyekosa swala hata moja, na mtu akimuuliza tawi hilo analibebea nini, jibu lake ni moja tu: "La shoga yangu. Wewe lakuhusu nini?" Tawi lilichomekwa ndani ya debe la mchanga, kwenye kona ya sebule, ndipo Jumwa akavuta kengele zake chini ya kitanda.

Usidhani ni kengele za dukani. Marehemu mumewe, Harrison, alizikata kwa mkono wake katika mabaki ya bati la paa la kanisa, akazikunja, akazitia nati ndani ili zilie. Zilikuwa mbaya, tuseme ukweli. Moja ilipinda upande kama mdomo wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Lakini kila mtoto wa nyumba hiyo alitengenezewa yake Krismasi yake ya kwanza duniani, ikatundikwa mtini, na sikukuu ikishapita ikafungwa shingoni mwa kitoto cha mbuzi alichopewa mtoto huyo kiwe chake. Mbuzi waliuzwa wakawa karo, na waliobaki wakamalizwa na ukame. Kengele zilibaki mbili, kama watoto walivyokuwa wawili: ya Rai, kifungua mimba, na ile iliyopinda, ya Chome, kitinda mimba.

Utaratibu aliuweka Harrison mwenyewe. Aliyepo nyumbani hutundika yake. Aliye safarini hutundikiwa na mama, maana yake yu hai na atarudi. Aliyekufa, kengele yake hugongwa juu ya jiwe mpaka mdomo ufumbike, kisha huwekwa juu ya kaburi lake, kwa kuwa si vyema maiti kuitwa pamoja na walio hai. Ya Harrison mwenyewe, aliyojikatia katika bati lilo hilo, iligongwa hivyo hivyo, nayo iko kaburini kwake, nyuma ya nyumba, chini ya mkorosho.

Chome alikuwa amekwenda Uarabuni kuwa bawabu. Mwanzo alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada, tena kwa makelele, kana kwamba umbali ule ulihitaji kupigiwa kelele. Halafu akawa anapiga mara mojamoja. Halafu nambari yake ikawa haipatikani. Watu walimuulizia, wakachoka, na hata kina mama wa kanisani wakaacha kumtaja katika maombi. Hilo ndilo lililomchoma Jumwa kuliko ukimya wenyewe. Yeye hakuacha. Kila Krismasi alitundika kengele ya mwanawe karibu na dirisha, akafungua dirisha ili upepo uipate. Mwaka jana Biasha alipokuja kushika mkono wa sikukuu, alisimama mlangoni akacheka: "Shoga, huyu Chome anisalimu tangu asubuhi!" Jumwa alilia kwa furaha, akasingizia moshi wa kuni.

Mwaka huu bega lake la kulia lilikuwa limemgomea, mkono haupandi juu ya kifua. Kwa hiyo alimngoja Rai, afanyaye kazi ya udobi katika hoteli moja huko Diani. Alifika alasiri ya tarehe ishirini na nne, yeye na mkewe Purity, mtu wa bara, pamoja na watoto wao.

"Shikamoo, mayo," Rai alisema, macho yakiwa kwenye debe la mchanga.

"Marahaba, mwanangu. Mwatoka salama?"

"Mathe, hii mti inamwaga majani kwa nyumba yote," Purity alidakia, akicheka kicheko kirefu kuliko mzaha wenyewe. "Si ningekuletea ya plastiki pale Ukunda?"

"Ya plastiki kaitundike kwenu," alisema Jumwa, naye akacheka. Siku hiyo hakuwa na ugomvi na mtu.

Rai alitundika kengele yake. Mama akampa ile nyingine.

"Mtundikie nduguyo. Bega langu lakataa."

Rai aliipokea. Alitia kidole ndani akaishika nati isilie, akabaki amesimama. Purity akawashika watoto mikono akawatoa nje, bila kuambiwa na mtu. Jumwa aliliona hilo kwanza, kabla ya kuuona uso wa mwanawe: kwamba Purity alikuwa anajua jambo.

"Rai, tundika."

"Siwezi, mayo."

"Huwezi nini? Mkono unao, tawi ndilo hilo."

"Siwezi kumtundika, mayo. Usinilazimishe."

Jumwa alikaa juu ya kigoda.

"Lini?" aliuliza.

"Mwaka jana, kabla ya Pasaka. Alianguka kazini, juani. Walimzika huko huko. Alinipigia mwenziwe aliyekuwa akilala naye chumba kimoja. Aliitafuta nambari yangu muda mrefu, akanipata mwezi wa saba huu."

Mwaka jana kabla ya Pasaka. Basi Krismasi iliyopita, Biasha aliposimama mlangoni akicheka, Chome alikuwa ameshaoza. Jumwa alikuwa amemwita maiti kwa mkono wake mwenyewe, akamfungulia na dirisha. Hasira ikampanda.

"Tangu mwezi wa saba! Umekuja hapa ukala chakula changu, nikikuhadithia ndoto zangu za nduguyo, nawe wamega tonge?"

"Niliogopa, mayo."

"Uliniogopea mimi, au uliogopa kuyaona machozi yangu?"

Rai alitoa kidole ndani ya kengele polepole, lakini ililia vilevile, na wote wawili wakashtuka.

"Ilete," alisema Jumwa.

Alitoka nayo hadi kwenye jiwe la kunolea mapanga, akaigonga kwa mkono wa kushoto ulio mzima. Bati lilikuwa laini, halikushindana naye. Nati iliruka ikapotelea mchangani. Biasha, aliyekuwa uani kwake akianua nguo, aliusikia mlio ule akaacha nguo zianguke. Kabla ya hapo alikuwa ameusikia mara moja tu maishani, mwaka aliokufa Harrison.

"Innalillahi," alisema, akaja mbio, akaketi chini karibu na shoga yake. Hakuuliza ni nani. Angekuwa nani mwingine?

Jumwa aliinuka na kile kibati mkononi, akazunguka nyuma ya nyumba. Rai alimfuata. Chini ya mkorosho, mama alisimama ghafla, akatazama kaburi lililokuwapo, akatazama na mahali palipokuwa patupu kando yake.

"Weka hapo kwa baba," Rai alisema kwa sauti ya chini.

"Babako anayo yake."

"Mayo…"

"Hapa si kwake, Rai. Mwanangu nimwekee wapi?"

Kwa miezi yote hiyo Rai alikuwa amejitayarishia majibu ya kila swali ambalo mama angemuuliza, ila hilo hakuliwaza. Mama alimngojea ajibu, kibati mkononi, mpaka watoto wakaja kuwaita wakale.