Albamu ya Nyamhanga Ambayo Haikutoka

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kubonyeza chochote. Meneja wa studio yetu pale Tarime mjini, mtu mnene mwenye asili ya Sirari, alinipa pamba na chupa ya spiriti akaniambia nisafishe vichwa vya mashine, yaani vile vyuma vidogo ambavyo kanda hupita juu yake ili sauti isomwe. "We kijana," alisema, "ukiacha vumbi hapo, kwaya yote itasikika ni kama inaimba ndani ya gunia. Umeskia?" Nilisafisha tangu asubuhi hadi vidole vikakauka, na jioni niliporudi nyumbani nilijiona mtu wa maana sana.

Nyinyi mnaorekodi kwa simu mtanicheka, lakini ile ilikuwa kazi ya kujifunza polepole. Kulikuwa na mikisa, meza ya vitufe ambako kila maiki huja na njia yake na fundi huamua nani asikike zaidi. Kulikuwa na kanda mama, ile ya kwanza kabisa, ambayo nakala zote huzaliwa kwayo. Mkuu wa Mitambo, aliyenifundisha, alikuwa mkali na mchache wa maneno. Akikukuta unatazama taa za mikisa badala ya kusikiliza, anazifunika kwa kitambaa, na hapo utafanya kazi kwa masikio peke yake mpaka amalize hasira.

Kazi zetu nyingi zilikuwa kwaya na nyimbo za harusi. Ndipo akaja Nyamhanga kutoka Gorong'a na iritungu lake, zeze la Wakurya la nyuzi nane. Hakutaka tumrekodi kama wengine. Alitaka kinanda cha umeme, alitaka mwangwi kwenye nyuzi zake, na zaidi ya yote alitaka mashine ya ngoma, kisanduku kinachopiga ngoma chenyewe. Mkuu wa Mitambo alinitazama akapandisha mabega.

Tuliumia. Mashine ya ngoma haimsubiri mtu, na mpiga iritungu wetu hawezi kwenda mwendo mmoja. Nyamhanga akifika mahali pa kumsifu mtu, ataje ukoo wake na ng'ombe wake, damu inachemka na mwendo unapanda. Kila tulipofika hapo, yeye alikuwa mbele na kisanduku kiko nyuma, na wimbo unaharibika.

"Mura," aliniambia, yaani kijana, maana mimi ndiye nilikuwa mdogo mle ndani, "mimi siwezi kumsifu mtu huku natembea kama nimebeba mayai. Hilo sanduku lako ndilo linifuate."

Nikatafuta ubao wa mninga, nikauweka chini ya mguu wake, na maiki nikaiweka karibu na ubao. Akavua kiatu. Alipokanyaga, mimi nilibonyeza vitufe vya ngoma kwa mkono, nikiufuata mguu. Kinanda nacho kikafuata. Kwa hiyo muziki wote ule wa umeme uliendeshwa na kisigino cha mtu wa Gorong'a. Tulipomaliza, Mkuu wa Mitambo alinishika bega bila kusema neno, na kwa tabia yake ile, hiyo ilikuwa hotuba.

Meneja alisikiliza akiwa amekunja mikono. "Sasa hii nitamuuzia nani?" aliuliza. "Watu wa kanisa watasema ni ngoma. Wazee wa ngoma watasema ni disko. Weka kabatini kwanza."

Ikawekwa kabatini. Nyamhanga akaugua, akafa, akaacha mke na mtoto mchanga wa kike, Ghati. Baada ya muda Meneja akafunga studio akarudi Sirari na kanda zote. Nilisimama barabarani nikitazama lile gari likiondoka na makasha, nikalia mbele za watu. Nilikuwa nimempoteza rafiki, na sasa sauti yake nayo ilikuwa inaondoka.

Kutoka hapo nilipata kazi Nyamongo kwenye machimbo ya dhahabu, katika duka la spika la mtu tuliyemwita Bosi Mkubwa. Nilitengeneza na kujaribu maspika ya baa, ya mikutano na ya misiba. Bosi Mkubwa alipenda kelele kupita kiasi. "Fundi, ongeza!" alikuwa anafoka. "Hawa wametoka shimoni, masikio yamejaa vumbi!" Niliongeza. Baadaye nikahamia Mugumu, nikawa fundi mkuu wa vipaza sauti vya kukodi, nikaongeza huko pia. Mluzi ulianza kwenye sikio la kushoto, ukahamia la kulia. Sauti nyembamba ndizo ziliniaga kwanza, ndege, watoto, kengele ya baiskeli. Nilipostaafu nilikuwa nasikia mtu akiwa karibu tu na akinyanyua sauti.

Naishi Natta, kwenye shamba nililonunua nikiwa Mugumu. Mke wangu alifariki hapa. Watoto wako Mwanza, na simu kwangu imebaki kitu cha kutazama picha zao. Majirani ni watu wema, ila wao wanazungumza Kinata na mimi ni Mkurya, na hata wakigeukia Kiswahili napata nusu. Nimechoka kucheka wenzangu wanapocheka bila kujua kilichosemwa. Upweke wa namna hii unauma, sitaficha.

Kisha uvumi ukaanza. Sijui nani aliuanzisha. Wakasema ile albamu ya Nyamhanga imeonekana Kenya. Wakasema mzungu mmoja kwenye kambi ya watalii ameinunua. Wengine wakatia chumvi kwamba ukiipiga unasikia wafu wako wakiitika. Mara bodaboda wa Nyamongo wakawa wanaipiga kutoka kwenye memori kadi, kila mmoja na yake, na zote eti ndiyo yenyewe. Watu wakakumbuka kwamba yupo mzee Natta aliyeirekodi. Wakaja.

"Shikamoo mzee. Hii ndiyo?"

Nikawa nawapa kiti, nasogeza sikio kwenye spika. Siku zile bado lilikuwa linanifaa. Zote zilikuwa za kompyuta, ngoma inakwenda mwendo mmoja toka mwanzo hadi mwisho, na juu yake mtu amebandika iritungu. Moja mwimbaji alikoroma kama trekta. Nikisema si yenyewe, wanashukuru, wanaondoka, hawarudi. Ilifika mahali nikatamani waghushi waongezeke, ili niendelee kupata wageni.

Mpaka alipokuja Ghati. Alikuwa mtu mzima, mpishi kwenye kambi ya watalii. Naye alileta memori kadi, akaniambia amekuwa akiisikiliza kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko, kwa sababu hakuwahi kuisikia sauti ya baba yake. Niliisikiliza nikatamani kudanganya. Nikamwambia ukweli, kwamba si yeye. Alikitua kikombe cha chai ambacho hajakimaliza, akasema "asante, tata," yaani baba kwa Kikurya, akaenda. Nilikaa na kile kikombe mbele yangu, nikajichukia.

Mwaka huu amerudi. Safari hii alileta kaseti. Meneja alikuwa amekufa kule Sirari, na mjane wake akamtafuta Ghati akampa.

"Tata," alisema kwa nguvu karibu na sikio langu, "nilishamlilia mtu ambaye si baba. Sitaki mara ya pili. Niambie kweli."

Nilisafisha kichwa cha mashine yangu ya zamani, nikaingiza kaseti, nikabonyeza. Nikaona taa inacheza. Nikasogeza sikio kwenye spika kama zamani, lakini sikusikia nyuzi. Sikusikia mtu. Mluzi tu. Ghati alikuwa ananitazama usoni.

Nikaweka kiganja juu ya spika.

Mwanzoni ulikuja mdundo wa kawaida, mzito, wa pole. Nikangoja. Kisha ukaanza kupanda. Ulipanda kidogo, ukapanda tena, na kila kitu kikapanda nao, na nikajua hapo anamsifu mtu, na nikajua ule ni mguu, na vidole vyangu vikaanza kubonyeza hewa vyenyewe.

"Ni yeye," nilisema. "Mwanangu, huyo ni baba yako."

Alifunika uso akalia, nami nikalia, kiganja bado kiko juu ya spika. Mdundo ukaisha. Nikanyoosha mkono kuzima, maana nilidhani wimbo umekwisha, lakini Ghati alinikamata kifundo cha mkono.

"Kuna nini?" nikamwuliza.

Aliinama mpaka pumzi yake ikagusa sikio langu.

"Anacheka, tata. Anakuita jina lako, halafu anacheka."

"Bado?"

"Bado."

"Basi tusizime," nikamwambia.