Mzee Brashi na Vidonge vya Miaka Sita

Mtaa mzima ulimwita Mzee Brashi. Alikuwa mchora vibao, na herufi zake zilinyooka bila rula. Siku moja aliteleza kwenye ngazi akaumia mgongo, akaandikiwa dawa ya diazepamu kwa wiki mbili ilegeze misuli na kumpa usingizi. Ilimfaa sana. Wiki mbili zikazaa miezi, miezi ikazaa miaka sita, maana kila alipojaribu kulala bila kidonge alibaki macho makavu, moyo ukimwenda mbio.

Kichwa nacho kikawa kizito. Alisahau alichotumwa, akawa anasinzia katikati ya mazungumzo. Mwisho akaandika "DUKA LA DWA" kwa herufi kubwa za kuonekana ng'ambo ya barabara, na wapita njia wakacheka mpaka basi. Alirudi nyumbani kwa aibu, akaona vidonge ndivyo vinavyomzubaisha. Bila kumuuliza mtu, akavitupa vyote chooni.

Siku ya tatu alitetemeka kama jani, jasho likimtiririka; hata mlio wa kijiko ulimchoma masikio. Asubuhi ya nne, kikombe cha chai mkononi, alianguka akawa anatupa miguu na mikono. Mkewe akamlaza ubavu, akaita majirani, wakamkimbiza hospitali.

Alipozinduka alimsikia mkewe akiuliza kama ni kifafa. Daktari, mama mmoja mtulivu, alisema sivyo. Ubongo una breki zake, akaeleza, na dawa ile huzikaza. Ikizoeleka, ubongo huitegemea hiyo dawa na kulegeza breki zake wenyewe.

"Ulipoacha ghafla, mzee, ulibaki mteremkoni bila breki. Si wazimu, wala si udhaifu wako. Tutaipunguza polepole."

Mzee Brashi akageukia ukutani, machozi yakamtoka. Miaka yote hiyo alidhani ana roho dhaifu.

Wakamrudishia dawa, kisha wakaipunguza kidogo kidogo kwa zaidi ya mwaka. Kuna majuma alikuwa mkali kama pilipili, nyumba nzima ikimkwepa. Palipokuwa pagumu, daktari alisitisha kupunguza mpaka atulie.

Miezi mitatu baada ya kumeza kipande cha mwisho cha kidonge, alijinyoosha mkekani mchana akingoja rangi ikauke. Alipofumbua macho jua lilikuwa limeshapinda, mkewe ameketi kando akishona kifungo.

"Umekoroma kama mashine ya kusaga," akamwambia.

Mzee Brashi akalitafakari hilo. Usingizi ulikuwa umekuja wenyewe, bila kuitwa.

"Basi mke wangu, niache nikorome tena kidogo," akasema, akageukia upande wa pili.