Mjapani Anayeuliza "Nani?"

Wanawake wanaoanika dagaa ufukweni Bukima ni watu wa kwaya. Hata Debora alikuwa anatafuta kwaya siku simu yake ilipomletea vijana wa Kijapani wenye nywele ndefu, magitaa yakinguruma kama bati linalong'olewa na upepo. Angeweza kuzima. Hakuzima. Tangu hapo anaanika dagaa kwa roki ya Kijapani, na anayekerwa ahamishe chanja chake.

Katika wimbo anaoupenda kuliko zote, kuna mahali magitaa yananyamaza ghafla na mwimbaji anapaza sauti peke yake: "Nani?" Na mtu akiuliza nani, alivyolelewa Debora, kunyamaza ni utovu wa adabu. Huinua kichwa akajibu: "Ni mimi, Debora mke wa Magige!" Wenzake walicheka mpaka wakazoea.

Jumapili moja binti yake Hilda alikuja kutoka Musoma, akamsikia akijibu, akashika mbavu.

"Mama, hiyo siyo 'nani' yetu! Nimesoma tafsiri. Kwao 'nani' ni 'nini'."

Debora akanuna. "Siku zote namjibuga jina, kumbe mtoto wa watu anauliza kitu kingine! Si ananiona kiziwi!"

Akaurudisha wimbo mwanzo, akasubiri magitaa yanyamaze.

"Nani?"

Debora akachota kiganja tele, akakiinua mbele ya simu. "Dagaa, mwanangu! Dagaa wa Bukima! Karibu ule!"