Koti la Mzee Masanja

Nimeandika kurasa nyingi kuhusu mashujaa wa kubuni, lakini siku niliyojifanya shujaa mimi mwenyewe sijawahi kuigusa kwa kalamu, maana hata leo nikiikumbuka masikio yananiwaka moto. Basi sogeeni niwasimulie kabla sijabadili mawazo.

Ilikuwa miaka ya sabini, mimi mwalimu kijana, mgeni pale Tinde, nimetoka Bukoba na shati moja la tetroni na ndoto ya kuwa mwandishi. Nilikuwa nimerudi tu kutoka semina ya ustawi wa familia kule Mwanza, ambako tulifundishwa namna ya kukaa na mtu mwenye majonzi, kumsikiliza, kumtuliza na kumkinga na lolote litakalomtonesha (hilo la kumkinga lilinikaa kichwani kuliko yote, nalo ndilo lililoniponza).

Mara Mzee Masanja akafariki. Tinde nzima ilimjua kwa koti lake refu la kaki, alilorudi nalo kutoka vita vya Burma, akalivaa masika na kiangazi, jua linapasua ardhi yeye amelifunga vifungo mpaka shingoni. Baada ya mazishi, binti yake Kabula alinifuata shuleni, macho yamemvimba.

"Mwalimu, mama hajalia tangu baba afariki," alisema. "Hali, hasemi, anaangalia ukuta tu. Tunaogopa atamfuata. Wewe si ulisomea mambo haya?"

Nikasema nimesomea. (Wiki moja, lakini hilo sikulitaja.) Njia nzima moyo ulinidunda kwa furaha ninayoionea haya, nikijiona naingia katika nyumba ile kama mvua ya kwanza, maneno yangu yanamdondokea mjane naye anainua uso taratibu, na kabla hatujafika nilikuwa nimeshaitunga hotuba yote kichwani, pamoja na mahali pa kunyamaza.

Wanaume walikuwa nje wameuzunguka moto, wanawake ndani. Mama Kabula alikuwa ameketi kwenye ngozi ya ng'ombe, uji pembeni umepoa mpaka umeshika utando. Nikachuchumaa, nikakohoa kidogo.

"Shikamoo, mama. Nimekuja ili..."

Sikumaliza. Kutoka chumba cha marehemu alipita mtu mbio mbio, amevaa lile koti la kaki, kofia ya marehemu imemfunika uso, mkononi fimbo ya marehemu, kwapani kuku wa marehemu, akatokea mlango wa nyuma.

Ningeuliza tu, "Nani yule?" Kina mama kumi wangenijibu. Lakini mimi nilisomea kukinga, na mjane alikuwa anaibiwa mbele ya macho yake.

"Mwizi!"

Nikatoka mbio, nikaruka mafiga, nikapiga teke sufuria ya maharage, nikapita katikati ya wanaume, na wanaume wanacheka, nami nikajiuliza hawa ni watu gani wanaocheka msiba ukiibiwa. Ajabu zaidi, mwizi mwenyewe alikuwa anakimbia huku anachechemea, vile vile alivyochechemea marehemu, na kila baada ya hatua chache anasimama, anakohoa kikohozi cha marehemu, halafu anakimbia tena. (Hapo mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nikaongeza mwendo.) Nikamdaka pindo la koti penye zizi, tukaanguka wote wawili kwenye mavi ya ng'ombe, mabichi, kuku akarukia paa. Nikamvua kofia. Alikuwa Bwana Pazi, Mzaramo mwenye duka la kanga pale barabarani, mtu wa swala tano, tena ndiye aliyeniuzia shati langu la pili.

"Bwana Pazi, hata wewe?"

Kicheko kikakatika. Kabula akafika anahema.

"Mwalimu, mwachie. Huyo ni mtani wetu. Tumemngojea tangu jana aje."

Nilikulia seminari, utani nilioujua ni ule wa kuchokozana sokoni. Sikujua kwamba msibani mtani, mtu wa kabila linalotaniana na la marehemu, ana ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu, kumwigiza, kubeba anachotaka, mpaka wafiwa wacheke watake wasitake. Mzee mmoja akanitazama kwa huzuni zaidi kuliko hasira.

"Wewe mwalimu, mtani akikasirika akaenda zake, mama huyu atachekeshwa na nani? Na wewe?"

Nikageuka. Mama Kabula alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwimo, anatuangalia. Ilikuwa mara ya kwanza kuinuka. Uso wake mkavu kama mbuga ya kiangazi, nami nikajua nimeharibu kitu ambacho hotuba yangu haiwezi kukitengeneza.

Bwana Pazi naye alimwona. Hakuinuka. Pale pale kwenye mavi alinyoosha kola, akafunga kifungo cha shingoni, akakohoa kile kikohozi.

"Mama Kabula," akasema kwa sauti ya marehemu, "nimeondoka juzi tu, umeshaweka mlinzi? Tena kijana?"

Halafu mjane akafungua mdomo.

"Usione wivu, baba Kabula. Hujaona anavyokimbia?"

Kwanza aliguna. Kisha akacheka, akacheka mpaka akajikunja, na katikati ya kicheko kile kilio kikatoka, kirefu, kama maji yaliyopata mfereji, na wanawake wakampokea wakalia naye. Nasi wawili tulibaki tumeketi mavini, nami sikumbuki kama nililia au nilicheka. Jioni Mama Kabula aliomba uji, wa moto.

Bwana Pazi alidai nilifue koti, nikalifua kisimani mbele ya wasichana wote wa Tinde, na tangu siku hiyo jina langu ni Mlinzi. Mama Kabula alinipitia pale kisimani.

"Mwalimu, ulikuja kuniambia nini vile?"

"Nimesahau, mama."

Niliapa kutoingia tena kwa mfiwa nikiwa na hotuba. Naingia, naketi, nauliza mtani ni yupi, kisha nampisha njia. Na mke wangu nimeshamwagiza: siku nikiondoka, koti langu liachwe limetundikwa nyuma ya mlango, na atakayelichukua asikimbizwe na mtu.