Koki ya Nyuma ya Nyumba Yetu

Kifuniko cha sufuria kilianza kutetemeka gizani.

Ti-ti-ti-ti.

Nikadhani ni panya. Nikawasha tochi ya simu. Sufuria ilikuwa kwa rafu, peke yake, na jiko lilizimwa tangu jana.

Nikagusa ukuta. Nao ulikuwa unatetemeka.

Huyo hakuwa panya, wasee.

Tunakaa nyumba za wafanyakazi, kando ya kiwanda cha majani chai pande za Kabianga. Nyuma yetu panapita bomba nene. Mvuke ukishakausha majani hugeuka maji, na maji hayo hurudi kwa boila, ule mtambo wa kuchemsha mvuke, yakiwa bado moto. Mume wangu Omwenga ndiye huchunga hiyo boila. Husema, "Moto umekula kuni zetu, hatuutupi."

Bomba lina koki ndogo. Miezi mitatu nilikuwa naifungua alfajiri, ndoo moja tu, nimuogeshe Bitutu wangu wa miaka minne. Baridi ya huku mnaijua. Omwenga hakujua.

Halafu nikamwonyesha jirani yangu Edinah.

"Haki Mama Bitutu, hii ni maji ya Mungu bana!"

Edinah akaonyesha mlango kwa mlango. Kila nyumba ikawa inachota ndoo moja moja.

Sasa usiku huo, bomba likagonga ukuta. Gong! King'ora cha kiwanda kikalia.

Nikambeba Bitutu mgongoni, nikatoka mbio na slipa ya mguu mmoja.

Omwenga alikuwa zamu ya usiku; nikamkuta uwanjani kwa kiwanda, mzima, jasho tupu. Alikuwa amewahi kuzima boila kabla haijapasuka. Pampu ya kuvuta maji mtoni iliharibika jana jioni, kwa hivyo boila ilitegemea yale maji yanayorudi. Na hayakurudi.

Msimamizi wake, Kiptum, alikuwa anafoka.

"Ulilala, Omwenga?"

"Sikulala, mzee. Tangi ya maji ya boila ilikauka tu."

Kiptum akaonyesha bomba letu. "Na maji ya bomba lile yalienda wapi? Yalienda kunywa chai? Lete funguo. Kazi imeisha."

Edinah akaangalia chini. Kina mama wote waliotolewa nje na king'ora wakaangalia chini.

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Bila hiyo kazi, hata nyumba hatuna.

Omwenga akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo.

Wapendwa, kitu si cha bure eti kwa sababu humwoni anayekingoja upande ule mwingine. Mimi nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Na ukweli ulionishinda mimi, mtu mzima, ulikuwa umekaa mgongoni mwangu.

Bitutu alinyoosha kidole kwa bomba.

"Mama huniogesha na hayo maji."