Mazoezi ya Kunywa Moshi

Mwaka ule nilikuwa nimechoka kabla hata ya kupata kazi ya kunichosha. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, serikali ilikuwa imesimamisha ajira, na kibarua nilichokipata Mpanda, cha kuwatafsiria wataalamu wa mradi wa visima, kilikuwa kinakaribia kuisha. Nilipanga chumba Kawajense kwa mjane mmoja Mwislamu mwenye duka, mama aliyeniita mwanangu tangu siku ya kwanza. Na nilikuwa na mchumba Katumba, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa wakulima wa tumbaku waliotoka Burundi akiwa bado mgongoni. Kila jioni nilijilaza chali nikipanga maneno ya kumwambia baba yake, kisha nikipanga majibu yake, kisha nikiyajibu majibu hayo, mpaka nikaamka asubuhi kama mtu aliyekesha akigombana.

Mhandisi wa mradi alikuwa Mskoti. Alipofungasha mizigo yake kurudi kwao alinipa chupa ya wiski. Alisema inatoka katika kisiwa chenye upepo na miti michache, na kwa kuwa kuni ni shida, watu wa huko huchimba udongo mweusi wa bwawani, ule wa majani yaliyooza tangu enzi, wakaukausha na kuuchoma. Shayiri ya kutengenezea wiski hiyo ilikaushwa kwa moshi wa udongo huo.

"Usiinywe kama bia," alisema. "Inuse kwanza. Tia maji matone machache. Ukiichukia, iache, ujaribu tena kesho."

Nilimhadithia mchumba wangu. Yeye, kwa kujivuna kidogo, akamhadithia baba yake. Jibu likarudi upesi: siku ya kujitambulisha, pamoja na kreti za bia, niende na hiyo wiski ya moshi, wazee wanataka kuionja.

Dereva wa mradi, mtu wa makamo aliyekubali kuwa mshenga wangu, alicheka mpaka akasimamisha gari.

"Umejifunga mwenyewe, bwana mdogo. Unajua kule mwenye kuleta pombe anaanza kunywa yeye?"

"Hata kwetu Ufipani ni hivyo hivyo."

"Basi. Unakunywa, wanakutazama, wanajua haina sumu. Sasa wewe ukikunja uso?"

"Sikunji."

"Umeshaionja?"

Nilikuwa sijaionja. Niliionja jioni ile, kwenye kikombe cha plastiki, huku nimeshika kioo cha kunyolea ili nijione. Ilinuka wodi. Ilinuka dawa ya kuoshea vidonda, bandeji za jana, mpira uliochomwa moto. Nilipoimeza, sura iliyonitazama kwenye kioo ilikuwa ya mtu aliyelishwa sumu na anajua nani kamlisha. Nikaketi kitandani. Nikawaona wazee wa Katumba wakiinuka mmoja mmoja kwenye mabenchi yao, wanaondoka.

Mlango ukagongwa.

"Mwanangu, umejikata?" Alikuwa mama mwenye nyumba. "Naisikia harufu ya dawa."

"Kidole tu, mama."

Baada ya muda mfupi alirudi na maji ya moto yenye chumvi. Nikafunga kitambaa kwenye kidole kizima kabisa, na kwa kuwa kila asubuhi aliniuliza kidole kinaendeleaje, niliendelea kukifunga. Nilijiuliza kidonda cha uongo kinatakiwa kupona baada ya muda gani.

Jioni zilizofuata niliendelea na mazoezi. Kidogo tu, kioo mkononi. Nilifuata maneno ya mhandisi, nikaanza kutia maji matone machache, na hapo ndipo kitu kikaanza kubadilika. Ile wodi ilirudi nyuma. Nyuma yake palikuwa na chumvi, na moshi wa samaki wakavu wanaoletwa sokoni kutoka ziwani, na mwisho kabisa, ukivumilia, utamu. Niliujua utamu ule. Ni asali ya porini iliyorinwa na mtu asiyekuwa na haraka, aliyewafukizia nyuki moshi mwingi mpaka masega yakanukia. Utotoni nililamba asali ya namna hiyo kwenye kiganja.

Jioni moja nilisahau kuchukua kioo. Nilikunywa nikiwa nimekaa mlangoni, natazama kuku wa jirani wakiingia bandani, na kwa muda wa kikombe kile sikupanga jibu la mtu yeyote. Nilipoinuka kwenda kuosha kikombe ndipo nilipokumbuka kwamba yalikuwa mazoezi.

Siku ya kujitambulisha tulikaa uani kwao, mabenchi yamepangwa, bia kwenye ndoo ya maji. Baba yake alikuwa mtu mwembamba, mkimya, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa tumbaku. Karibu naye alikaa shangazi wa mchumba wangu, na huyo hakuwa mkimya. Mshenga akatoa maneno yake. Kisha akanipa chupa na glasi, na uwanja mzima ukanitazama.

Nilimimina. Nikatia maji matone machache. Kwa mazoea nikainusa, nikainywa, nikaiweka mdomoni kidogo, na nadhani nilifumba macho.

"Ee!" shangazi akasema. "Huyu anakunywa au anasali?"

Watu wakacheka. Nilifurahi kwamba uso wangu haukukunjamana. Ndipo shangazi akaichukua chupa, akaielekeza kwenye jua.

"Na mbona imepungua hivi? Najua barabara ya kutoka mjini ina mashimo, lakini si kiasi hiki."

Nilikuwa nimefikiria kila kitu: viatu, salamu, nani nimpe mkono kwanza. Hilo sikulifikiria.

"Nilikuwa nafanya mazoezi," nikasema.

"Mazoezi ya kunywa?"

"Ya kutokunja uso, shangazi."

Kicheko kilichofuata kiliwashtua mbuzi. Mshenga alijifuta machozi. Baba mtu peke yake hakucheka. Alijimiminia, akameza, uso ukajikunja kama ngozi iliyoanikwa, akakohoa.

"Hii ni bani limeungua," alisema. Bani ndiyo nyumba ya kukaushia tumbaku. Akasimama, akaichukua chupa, akaipeleka ndani. Aliporudi alisema, "Tumewasikia. Tutawaita."

Hawakutuita. Jumamosi moja mchumba wangu alikuja mjini, akaniambia dukani kwa mama mwenye nyumba, kwa sauti ya chini.

"Data anasema wewe ni mlevi." Data ni baba, kwa Kirundi chao.

"Mlevi? Mimi?"

"Anasema mtu anayekunywa kitu kile asikunje uso, gongo ataiona maji." Kisha akanieleza habari za dada yake mkubwa, ambaye mume wake alikunywa mavuno, akanywa baiskeli, akanywa mabati ya nyumba, mpaka dada akarudi kwao na watoto. "Data ameapa hatatoa binti mwingine kwa mlevi."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Ungenipa nafasi? Kila tukikutana unaongea wewe."

Basi nikaanza kwenda Katumba kila nilipopata lifti, ili mzee ajionee kwamba si mlevi. Na kila nilipofika, baba yake alinikaribisha kitini, akaitoa ile chupa, akanimiminia mwenyewe, kidogo, akakaa kunitazama.

"Karibu, msomi."

Sijawahi kupata mtihani wa namna ile. Nikimaliza, mlevi. Nikibakiza, mnafiki, najua nachunguzwa. Nikikataa, nimedharau mkono wake. Nilikuwa nabakiza nusu, naye aliyarudisha mabaki chupani. Kilichoniuma zaidi ni kwamba niliitamani kweli. Kitu pekee kilichokuwa kimekituliza kichwa changu kilikuwa kimehamia mezani kwa mtu mwingine, na kila tone lilikuwa na swali.

Wakati wa kukausha tumbaku ulipofika mradi ulikuwa umekwisha na mimi sikuwa na kazi. Kaka wa mchumba wangu alikuwa amekwenda Mwamkulu kulima mpunga, hivyo nikajitolea kusaidia. Moto wa bani hauachwi ufifie, majani yataharibika. Tangu alfajiri nilibeba magogo, nikayaingiza kwenye tanuru, nikarudi kubeba mengine. Macho yalivimba kwa moshi, na kidole kile kile nilichokuwa nikikifunga kwa uongo, sasa kilikuwa kimechubuka kweli.

Mchana ulipogeuka nilijitupa kwenye mkeka kivulini mwa bani. Baba mtu akaja na chupa na glasi zake. Ilikuwa imebaki kidogo. Alimimina, akaninyooshea glasi.

"Karibu, msomi. Umeifanyia kazi."

"Leo hapana, baba," nikasema. "Nimechoka."

Alisimama pale pale na glasi.

"Hutaki?"

"Naitaka sana. Ila nimechoka. Nataka kulala."

Sikuwa nimepanga. Hata sikumtazama usoni kuona neno limemfikaje, kope hazikunyanyuka. Nilimsikia akimwita binti yake, akimwambia kwa Kirundi jambo refu ambalo sikulielewa, ila ndani yake nilitambua neno dereva, yaani mshenga wangu, na neno Jumapili. Nilisikia binti akicheka, kisha akikimbia.

Halafu mzee akaketi juu ya gogo karibu na miguu yangu.

"Lala, mkwe," alisema.

Nilifumbua jicho moja. Alikuwa ametia maji matone machache, kama alivyoniona nikifanya. Akainusa kwanza. Akanywa, akakunja uso, akakohoa, akanusa tena. Harufu ya wiski ilinifikia pale mkekani, ikachanganyika na ya bani, na kabla sijafanikiwa kuzitenganisha nilikuwa nimelala.